Nafasi ya Kipa wa Pili

Ujumbe wa Talib ulinifikia nikiwa nimekaa ndani ya gari, Bawshar hapa Maskati, nje ya duka kubwa ambalo mke wangu aliingia kununua mafuta ya kupikia tu na mpaka saa ile alikuwa hajatoka. Ulikuwa ujumbe wa sauti. Sauti ya Talib imezeeka, inakwaruza, lakini niliijua kabla hajataja jina lake, kwa sababu kiangazi kimoja cha ujana wangu sauti ile ilinipigia kelele kila alfajiri. Alisema wachezaji wote wa kikosi cha mwaka ule, walio hai, watakutana Ijumaa baada ya sala kwenye shamba walilolikodi Al Amerat; nyama imeshatiwa viungo; asikose mtu. "Na wewe Nassor, usituletee visingizio. Wewe ni katika sisi." Niliusikiliza tena, kisha nikapandisha kioo cha gari ingawa nje hapakuwa na mtu wa kunisikia, nikahisi uso unaniwaka. Mie mtu mwenye wajukuu, mvi zimenifika mpaka nyusi, nimestaafu kwa heshima kutoka kwenye maghala ya mizigo ya uwanja wa ndege, na bado neno "kikosi" linanifanya niinamishe kichwa. Maana katika kikosi kile mie sikuwamo. Nilifika mlangoni pake nikarudishwa.

Mke wangu alifungua mlango wa gari na mifuko tele mikononi, akaniangalia. "Kuna nini? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nimealikwa chakula."

"Basi mtu akialikwa chakula ndo anakuwa na uso huo?"

Nikawasha gari. Tumeishi naye miaka mingi na anajua kwamba niliwahi kudaka mpira, kwa vile vidole vyangu viwili vya mkono wa kushoto vimepinda na siku ya mwanzo ya ndoa aliniuliza vilifanywa nini. Lakini habari za mwaka ule sijapata kumsimulia, wala yeye wala watoto. Nazisimulia hapa kwa sababu ya yale niliyoyasikia Ijumaa ile, ambayo nadhani si haki nife nayo peke yangu.

Kiangazi cha mwaka ule klabu ilitafuta timu mpya. Wazee wa timu walikuwa wameondolewa karibu wote, na tukaitwa vijana kutoka kila pembe ya Maskati kuja kugombea nafasi kabla ya ligi kuanza. Klabu haikuwa na mahali pa kutulaza, ikaazima skuli moja ya wavulana iliyofungwa kwa mapumziko, pale pale Ruwi, mtaa wa klabu. Tulilala madarasani. Madawati yalipangwa juu kwa juu ukutani mpaka dari, na sisi tukatandika magodoro yetu chini, vichwa upande wa ubao. Kwenye ubao wa chumba chetu kulikuwa na hesabu ya mgawanyo ambayo mwalimu aliiacha katikati na hakuna aliyethubutu kuifuta. Mashine ya hewa ya dirishani ilikuwa inanguruma kama gari la kuuzia maji, na ikizimika umeme tulitoka sote koridoni kulala kwenye saruji. Mazoezi yalikuwa alfajiri, mara tu baada ya sala, na tena jioni jua likishazama, kwa sababu mchana Ruwi wakati ule wa mwaka milima inaizunguka kama kuta za tanuri na hata mbwa hatoki kivulini. Uwanja ulikuwa wa mchanga na vijiwe. Kipa akiruka juu ya uwanja kama ule anarudi na ngozi pungufu. Nilikuwa nikioga nasikia nyonga zangu zinaungua, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena, kwa sababu kila maumivu niliyaona ni hatua ya kuingia ndani.

Tulikuwa makipa watatu. Mmoja, Mubarak, alikuwa mtu mzima, nafasi yake ya kwanza haikuwa na mjadala. Ikabaki nafasi ya kipa wa pili, na wa kuigombea ni mie na kijana kutoka Al Amerat, jina lake Hilal. Wakati huo Al Amerat ilikuwa nyuma ya milima kweli kweli, barabara mbovu, nyumba chache na mbuzi. Hilal alikuja na godoro lililofungwa kwa kamba ya katani na begi la skuli, akatandika kando yangu. Alikuwa mdogo kuliko mie, mrefu, mikono inamning'inia, na hakuwa msemaji. Usiku wa kwanza nilimwona akinitazama, nikadhani ananipima. Kumbe alikuwa anataka kuniuliza kama nina dawa ya mbu.

Nafasi ile haikuwa mpira tu. Wachezaji waliosajiliwa walitafutiwa kazi na wakubwa wa klabu, kazi za ofisini, zenye kiti na meza. Mie nilikuwa sijamaliza hata mwaka tangu kufika kutoka Unguja. Baba alikuwa Dubai kikazi. Mimi na mama tulikaa kwenye chumba na sebule juu ya duka la fundi cherehani. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha kusoma Kurani na kuhitimisha, na kila ofisi niliyoingia kuomba kazi walinisikiliza sentensi ya kwanza kisha wakaanza kutabasamu. Kwa hiyo mama aliingoja nafasi ile kuliko mie. Alikuwa ameshawaambia majirani wote kwamba mwanawe ni kipa wa klabu, na nilipomwambia "bado, mama, tunachujwa", alisema, "Wewe chujwa tu, mie nnajua chujio litabakisha nini."

Shida yangu langoni haikuwa mikono. Ilikuwa mdomo. Kipa ndiye anayeona uwanja wote, na akinyamaza mabeki wake wanakuwa vipofu. Mie nilijua kupiga kelele, lakini kelele zangu zilikuwa za Kiswahili. Mpira ukija kwa kasi mtu hapati wasaa wa kufasiri. Katika mechi ya kwanza ya kujaribiana, krosi ilikuja kutoka kulia, nikatoka golini nikaguta kwa nguvu zangu zote, "Yangu! Acha!" Beki wa kati alikuwa Talib, huyu huyu wa ujumbe wa sauti, mtu wa mji wa Sur asiyejua neno moja la Kiswahili. Yeye alisikia ukelele akadhani naomba msaada. Akaruka na kichwa chake, mpira ukanipita juu ya mikono ukaingia wavuni kwetu. Uwanja mzima uliangua kicheko. Talib alinigeukia, akanipigia kelele maneno ambayo nusu yake sikuyafahamu, na nusu niliyoyafahamu natamani nisingeyafahamu. Kuanzia jioni ile wakaniita Acha. "Acha, lete maji." "Acha, chakula tayari." Hata mpishi, Mhindi wa Kerala, akaniita Acha kwa heshima kabisa akidhani ndilo jina langu.

Usiku, kwenye giza la darasa, Hilal aliniambia kwa sauti ya chini, "Sema: *li*." Ni neno dogo, "kwangu". Nikasema. "Hapana, lisitoke kooni, litoke tumboni." Akanifundisha yote: toka, rudi, mtu nyuma yako, mwachie. Yeye akisema, mimi nikijibu, mpaka mtu mmoja pembeni akatupa kiatu kututaka tunyamaze. Nilimuuliza kwa nini ananifundisha na tunagombea mlango mmoja. "Nikikushinda kwa sababu hujui kusema," akasema, "nitakuwa nimekushinda nini?" Nakumbuka nilivyogeuka nikatazama ukutani. Maneno yale yalinitia haya badala ya kunifurahisha. Nilikuwa na umri ambao mtu akikutendea wema unahisi amekuona ulipopungukiwa.

Kocha wetu alikuwa Msudani, Bashir, mtu mwembamba mwenye miwani, anayesema polepole kama anayepima dawa. Siku moja baada ya chakula cha mchana, wali na samaki wa kukaanga na ndimu, nilikuwa nimelala koridoni nyuma ya pipa la maji, naye akaja kunywa pamoja na katibu wa klabu. Hawakuniona. Katibu aliuliza habari za makipa. Kocha akasema, "Yule wa Amerat ana kitu. Yule Mzanzibari ana mikono mizuri zaidi." Kisha akaongeza, "Lakini hucheza kama mtu anayeogopa kuvunja vyombo vya watu." Katibu akacheka, wakaondoka. Hayo maneno nimeyabeba miaka yote. Nimeyasikia nikiwa naingia ofisini kwa mkubwa, nimeyasikia siku ya posa yangu, na hata leo nikiingia majlisi ya watu natafuta pa kukaa karibu na mlango.

Ijumaa ya mwisho kabla ya uamuzi familia ziliruhusiwa kuja kututazama. Mama alikuja na teksi ya jirani yetu, na sufuria ya pilau iliyofungwa kwa kanga, na sambusa, na chupa ya chai ya maziwa. Aliingia kwenye ua wa skuli ile kama anayeingia kwenye harusi, akisalimia kila aliyempita kwa Kiarabu chake, na mie nilijikuta natembea hatua mbili mbele yake. Kiarabu alikisomea kwa majirani zake wanawake, ngazini na kwenye vyombo vya kuoshwa, kwa hiyo mama alimsemesha kila mtu, hata mwanamume, kwa maneno ya kike. Alimwambia kocha Bashir "hujambo bibie" bila kujua, na kocha akainamisha kichwa akajibu kwa adabu. Wenzangu walikula pilau ile mpaka ukoko. Nilikwenda kuosha sufuria bombani, na niliporudi, koridoni nje ya darasa letu, nikasikia sauti ya mama ndani. Nikasimama.

Alikuwa na Hilal, peke yao. Dirisha la koridoni lilikuwa wazi. "Wewe mdogo bado," alikuwa anasema. "Wewe hapa ni kwenu. Una ami, una khali, una shamba. Mwanangu hana mtu hapa, ana mpira huu tu. Mwachie. Mwaka huu tu, mwakani ichukue wewe." Nilitazama kwa pembeni. Alikuwa amemshika kidevu, kama wanavyofanya kwetu watu wakiomba jambo kubwa, na machozi yanamtoka, na maneno yote yale ya kuombea yalikuwa ya kike, "binti yangu, nionee huruma binti yangu", na yule kijana mrefu amesimama katikati ya magodoro, mikono inamning'inia, hajui aiweke wapi. Sikusikia alichojibu. Nilirudi bombani nikafungua maji, nikaiosha tena sufuria ambayo ilikwishatakata.

Nimepata kufedheheka mara nyingine maishani. Niliwahi kuanguka mbele ya wageni, niliwahi kukaripiwa mbele ya vijana wangu wa kazi. Hayo yanapita. Lakini kumwona mama yako akilia mbele ya mtu wa rika lako, akikuombea kwa lugha ya kuchekesha, na kujua kwamba anafanya hivyo kwa sababu amekutazama vizuri akaona huwezi kushinda mwenyewe, hilo halikupita. Nilimsindikiza mpaka kwenye teksi. Akanambia, "Kula vizuri, na usiwe na wasiwasi." Nikambusu mkono. Sikuweza kumtazama machoni, na yeye, nadhani, hakutaka nimtazame.

Asubuhi ya mechi ya mwisho ya kujaribiana tuligawanywa pande mbili, Hilal goli lile, mie goli hili, Mubarak amekaa kivulini na kocha. Mwanzoni tu mpira dhaifu ulikwenda kwa Hilal, mpira ambao mtoto angeuokota, akauacha ukampita kati ya miguu. Watu wakashangaa. Haukupita muda, shuti la mbali, likadundadunda, naye akaanguka upande usiokuwa wa mpira. Nilikuwa mbali lakini nilijua. Nilijua tangu ule wa kwanza. Upande wangu walinishangilia, Talib akanipiga mgongoni, na mie nilitaka ardhi inipokee.

Wakati wa mapumziko nilimfuata kwenye pipa la maji.

"Unafanya nini?"

"Jua linanipiga machoni."

"Jua liko nyuma yako. Hilal, Ijumaa nilikuwa koridoni."

Akajimwagia maji kichwani, akaniambia bila kuniangalia, "Mama yako alilia, Nassor. Nitafanyaje?"

"Usimtaje mama yangu. Utacheza. Ukiachia jingine makusudi, wallahi navua glavu hizi mbele ya watu naondoka."

Ningependa kuandika kwamba nilisema vile kwa uungwana. Haukuwa uungwana. Ilikuwa hasira tupu. Nilimchukia kwa kunihurumia, na nilitaka anipige kipigo cha haki ili nisiwe na deni la huruma yake.

Akanipiga. Kipindi cha pili Hilal alikuwa mtu mwingine. Alidaka hata mipira ya kutoka nje, alitoka golini kama anayetoka ndani ya nyumba inayoungua, na sauti yake ilifika mpaka goli langu. Mie sikucheza vibaya. Nilidaka nilivyodaka siku zote. Kisha karibu na mwisho ikaja krosi, ile ile, kutoka kulia kule kule. Nilitoka. Neno la Kiarabu nilikuwa nalo mdomoni, lile la kutoka tumboni, lakini nilimwona Talib anarudi nyuma kwa kasi na mwili wake mkubwa, nikasita. Nikalitamka, likatoka jembamba na limechelewa. Mpira ulianguka kati yetu sote wawili, na mshambuliaji mmoja akausukuma ndani kwa goti. Hapana aliyecheka safari hii.

Kocha alituita mmoja mmoja kwenye chumba cha mwalimu mkuu. Kulikuwa na ramani ya dunia ukutani na feni ya meza iliyomgeukia yeye, ikanigeukia mie. Alivua miwani, akaniambia polepole, kwa Kiarabu fasaha cha vitabuni, ili nisipotewe na kitu: "Hilal sijui kipindi cha kwanza alikuwa na nini. Lakini kipindi cha pili nimeona kipa. Wewe nimekuona tangu siku ya kwanza mpaka leo ni yule yule. Wewe ni mzuri, mwanangu. Klabu nyingine itakuchukua." Nilimwelewa neno kwa neno. Nilikuwa nimesoma Kiarabu cha kutosha kuambiwa niondoke.

Nilibeba godoro langu kichwani kutoka skuli ile mpaka nyumbani, mchana, kwa kuwa sikutaka kungoja gari la klabu pamoja na walioachwa wengine. Ruwi yote ilikuwa imelala. Nilimwomba Mungu ngazi zetu ziwe tupu, na ngazini nikamkuta Bi Salma wa chini, na sahani ya halua mkononi, akapiga kigelegele kabla sijasema neno. "Hongera kipa! Mama yako kanambia leo ndo mnapewa!" Nikasema, "Ahsante, Bi Salma." Ndiyo, nilisema ahsante, nikapanda na godoro. Mama alikuwa jikoni anakaanga samaki. Alilitazama godoro.

"Umerudi nalo."

"Nimerudi nalo."

"Na yule mwenzio?"

"Kachukuliwa."

Alipunguza moto, akabaki amenipa mgongo. "Alhamdulillahi," akasema.

"Unashukuru nini?"

"Nashukuru umerudi mzima. Kaa ule."

Neno lile nililishika vibaya kwa muda mrefu. Nilidhani amefurahi nimeshindwa, au ameona haya mbele yangu akatafuta neno lolote la kusema. Nilikula samaki wake. Kesho yake asubuhi nilimsikia ngazini akiwaambia majirani kwamba mtoto aliumia kidole, ndo maana, na Bi Salma akisema pole, pole sana. Sikumwambia kamwe kwamba nilimsikia siku ile na Hilal. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, alilea wanangu, nilimpeleka Hija, nilikaa naye hospitali mpaka pumzi ya mwisho, na jambo lile lilikuwa baina yetu kila siku kama kiti ambacho hakuna anayekikalia.

Msimu ule sikwenda kutazama hata mechi moja. Niliapa. Nilipata kibarua kwenye ghala la saruji, na siku za mechi nilijilaza nikageukia ukuta, lakini majirani walifungulia redio na ukuta ulikuwa mwembamba. Mubarak aliumia goti mapema, na mtangazaji akawa halitaji jina jingine: Hilal, Hilal, Hilal. Mama siku hizo hakuwako nyumbani. Alikuwa akinambia anakwenda kwa rafiki yake. Nilishukuru kwamba hayupo, nikabaki na fedheha yangu mwenyewe.

Basi, Ijumaa niliyoalikwa nilikwenda. Mke wangu alinipigia pasi kanzu, akanisukuma mlangoni. Barabara ya Al Amerat siku hizi inapita juu ya milima, pana na laini, na kule kumejaa majumba mapya mpaka sikujua wapi ndipo palipokuwa na mbuzi. Shambani wamekaa wazee kwenye mikeka chini ya kivuli cha mabati, matumbo mbele, fimbo kando. Talib alinikumbatia akaniita "Acha!" kwa mapenzi, na damu ikanipanda usoni vile vile kama zamani. Nikatafuta pa kukaa pembeni. Lakini mtu mrefu aliye na fimbo alinishika mkono, akanivuta mpaka kwenye sinia lake. Nilimjua kwa mikono. Ndevu zake zilikuwa nyeupe zote.

"Mie ndiye niliyesema uitwe," Hilal akasema. Kisha akawageukia Talib na wale wengine waliozunguka sinia lile. "Huyu mtu mnajua alinifanyia nini? Nilimchukulia nafasi yake, na yeye msimu mzima, kila mechi ya hapa Maskati, akinipelekea chakula. Mama yake alikuwa anakuja na teksi, anakaa ndani ya gari nyuma ya uzio wa goli, haingii ndani. Filimbi ya mwisho ikilia ananiita. Pilau, mikate, mchuzi wa papa. 'Nassor kakuletea.' Mie kwetu nilikuwa mbali, kwenye nyumba tuliyokodiwa na klabu tulikuwa tunakula mkate na jibini."

Wazee wale walinitazama kwa heshima. Mmoja akasema, "Wallahi huu ndio uanaume." Mie nilikuwa nimeshika tonge, sikuweza kulipeleka mdomoni wala kulirudisha.

"Tena nilikuwa nikimtuma maneno," Hilal akaendelea. "Mara ya kwanza nilimwambia, mwambie Nassor anisamehe. Wiki ya pili akaniletea jibu: 'Nassor anasema hana kinyongo, cheza.' Nilipovunjika kidole akaniambia, 'Nassor anakuulizia kidole chako.' Nikamuuliza mbona haji mwenyewe. Akasema, 'Ana haya.'"

Katika yote aliyoyasema mama yangu nyuma ya uzio ule, hilo peke yake lilikuwa la kweli. Ningeweza kunyamaza. Walikuwa wananisifu, na aliyeyafanya yuko kaburini. Lakini nilimwona kama yuko mbele yangu ndani ya teksi ile, kwenye joto lile, kioo kimeteremshwa, anamngoja yule kijana ambaye alimwomba nafasi asiipate, ili amlishe na amwombe radhi kwa jina langu. Na nyumbani mie nimegeukia ukuta, namshukuru Mungu kwamba hayupo. Ndipo nikalifahamu lile "Alhamdulillahi" la jikoni: alishukuru kwamba machozi yake hayakumnyang'anya mtoto wa watu nafasi yake.

"Hilal," nikasema. "Sikutuma mie."

Akanitazama.

"Sikutuma chakula, wala sikutuma neno. Sikujua kabisa. Nimejua sasa hivi, hapa. Alikuwa ananambia anakwenda kwa rafiki yake."

Talib aliinamisha kichwa, akawa anachambua mfupa usiokuwa na nyama.

"Na kinyongo?" Hilal akauliza polepole. "Alisema huna."

"Nilikuwa nacho. Nilikuwa nacho sana, miaka."

"Na leo?"

"Leo nna haya tu," nikasema.

Hilal hakucheka, wala hakunipa maneno ya kunituliza. Alinyoosha ule mkono wake mrefu, akachambua nyama iliyokuwa upande wake, iliyo laini, akaiweka mbele yangu juu ya wali.

"Kula," akasema. "Mama yako hajapata kuniuliza nina nini moyoni. Alikuwa ananambia kula, anakaa ananingoja mpaka nimalize."

Na yeye akaacha kula, akakaa ananingoja.